Wimbo Ambao Sikumtafsiria Mama Yako

Mugoma, Ngara
Alasiri

Mwanangu Adela,

Kesho unaondoka nyumbani na hujajua hata kugeuka kitandani. Watoto wa wenzangu huondoka na masanduku na vyeti vya shule. Wewe unaondoka umefungwa kwenye kanga ya mama yako, hujaota hata jino moja, na ukisikia sauti yangu unageuza kichwa kutafuta titi, kwa hiyo kukuusia kwa mdomo ni kazi bure. Nimeona nikuandikie. Utasoma ukishajua kusoma, na kama siku hiyo nitakuwa nimekaa karibu yako, utanicheka, nami nitafurahi kuchekwa.

Naandikia hapa kwenye benchi langu la useremala, jua likiwa bado lipo. Siku hizi hatuwashi taa ovyo, maana taa inawaonyesha majambazi nyumba ilipo.

Sitakuandikia mambo ya kunyonya na kuoga. Mama yako anayajua, na bibi yako wa Kaniha amelea wengi. Nataka ujue kwa nini unaondoka. Watu wa hapa watakuambia kwamba mlihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa kuhara na ujambazi. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo, na si uongo mtupu, kwa kuwa vyote viwili vipo. Lakini mama yako haendi kwao kwa sababu ya kuhara. Anakwenda kwa sababu yangu, na sijui kama atarudi. Tangu aliposema anaondoka, sili nikashiba, silali nikapumzika. Barua hii ataisoma yeye kabla yako. Nimeshamwambia.

Kwanza unijue. Naitwa Pastori, ni seremala, na ni mwoga. Useremala nilifundishwa, uoga nilizaliwa nao. Kabla hujazaliwa nilikuwa natengeneza vitanda, meza na madawati, na kazi ya madawati ndiyo iliyonifikisha Kaniha, kule Biharamulo, walikokuwa wanajenga shule. Mama yako, Kabula, alikuwa anapita pale na ng'ombe wa baba yake. Wao ni Wasukuma, walihamia kutoka Shinyanga kutafuta malisho. Mimi Mhangaza wa migombani sikujua hata pa kusimama ng'ombe wakipita, nikapanda juu ya dawati nililokuwa nalipiga misumari. Alicheka mpaka akakaa chini. Tukaanza kuzungumza kwa Kiswahili, kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ya kuzungumzia, na mpaka leo nyumba yetu ni ya Kiswahili. Kisukuma chake sikijui. Kihangaza changu alikuwa anajifunza polepole, salamu na majina ya vyakula.

Hilo la lugha ulishike, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa.

Ulizaliwa barabara imejaa watu. Walikuwa wanavuka kutoka Rwanda, wamebeba magodoro, majembe, mbuzi, wazee mgongoni. Sikujua kwamba watu wengi namna ile wanaweza kupita bila kelele. Mikaratusi ya kilimani ikakatwa kuni ikaisha. Chemchemini wanawake wakaanza kugombana. Watu wakaacha kula samaki wa mto wa mpakani, na hakuna aliyetangaza waache. Kila mtu alijua mto unaleta maiti. Mimi nikaacha kutengeneza vitanda. Zamani milango ya hapa kwetu ilikuwa ya matete, ya kuzuia mbuzi tu. Sasa kila anayekuja anataka mlango wa mbao nene wenye komeo ndani. Jirani mmoja alikuwa ameniagiza kitanda cha harusi ya mwanawe. Akaja akasimama hapo ulipo mrundo wa maranda, akasema, "Pastori, kitanda kitangoja. Nifanyie mlango."

Ukiwa na baba mwoga halafu ukazaliwa wakati kama huo, unapata taabu. Nilikuwa naweka kidole chini ya pua yako kuona kama unapumua. Niliutazama utosi wako ukipigapiga, nikadhani ni ugonjwa, nikamwamsha mama yako. Aliniambia, "Baba Adela, mwache mtoto alale. Ukimgusagusa hivyo ndipo ataugua kweli, kwa kukosa usingizi." Nilikubali, akipitiwa tu na usingizi narudisha kidole.

Na nilikuwa na redio. Mwanamume aliyepata mtoto wa kwanza, vita viko ng'ambo ya mto, ana redio na betri, hawezi kuizima. Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili, na Ngara ilipotajwa nilishtuka kila mara, maana nilizoea kuisikia ikitajwa kwenye habari za mvua, basi. Habari zenyewe zilikuwa fupi. Wakimbizi wameingia, misaada inahitajika, kisha wanahamia kwenye mpira. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama vita vitavuka mto, na hicho hawakukisema. Kwa hiyo nikawa nageuza kitufe mpaka kwenye redio ya ng'ambo.

Wewe ukisoma hivi huenda umekulia kwa Wasukuma na hujui, kwa hiyo nikueleze. Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu wa tumbo moja. Anayekijua kimoja anasikia vyote. Mtu wa Dar es Salaam akifungua redio ile alisikia makelele ya wageni na muziki mzuri. Mimi nilisikia kila neno. Nilisikia watu wakiambiwa wawasake Watutsi, wasiache mtu, wasiache watoto. Yalisemwa kwa utani, na vicheko, kwa lugha ambayo mama yangu alinilaza nayo nikiwa mdogo kama wewe. Hilo lilinitisha kuliko bunduki. Nilidhani maneno ya namna ile yana lugha yake.

Mama yako alikuwa amekaa kitandani anakunyonyesha. Akaniuliza, "Wanasema nini?"

Nikasema, "Wanatumiana salamu."

Nikupe sababu, ingawa haitoshi. Hapa kwetu wanasema mzazi akishtuka maziwa yanakatika. Mama yangu alinionya siku ulipozaliwa: usimletee mkeo habari mbaya, usimwambie wa kufa, usimwambie wa kuibiwa, mpaka mtoto anenepe. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Kila alipouliza, nikapata jibu. Wanatumiana salamu. Wanatangaza bei ya kahawa. Wanamsifu mchezaji mpira. Mwongo mzuri mimi, mwanangu, sikujijua. Kuizima sikutaka, kwa sababu nilitaka kusikia kama watatutaja sisi wa upande huu. Na yeye aliupenda muziki wao. Ningeizima angeniuliza kwa nini.

Kulikuwa na wimbo mmoja walioupiga sana. Sitakuandikia maneno yake. Ulikuwa na kiitikio chepesi cha kuruka, mtu akiusikia mara moja anaondoka nao. Ulikuwa unawachangamsha watu waende kuua. Mama yako akaushika. Hakujua maneno yana maana gani, lakini masikio yake ni mazuri, aliyatamka sawasawa. Akawa anakuimbia wakati wa kukuogesha, anakupaka mafuta miguuni kwa mdundo wake, na wewe unatulia kabisa, macho umemkazia.

Nilikuwa hapa kwenye benchi nikamsikia. Nikachukua randa nikaanza kuranda ubao kwa nguvu ili nisisikie. Ndivyo nilivyofanya. Siku nyingine pia.

Sasa nikueleze habari za Spesioza. Alikuwa mwanamke aliyevuka mto usiku kwa msaada wa wavuvi. Kambini kwa wakimbizi hakwenda, maana waliokuwa wanamkimbiza nyumbani kwake nao walikuwa wamevuka, wako mle kambini wanapanga foleni ya unga. Katekista wa kigango chetu alimhifadhi kwake. Akawa anakuja kwetu kumsaidia mama yako kupalilia maharage, jioni anaondoka na ndizi. Kiswahili hakujua, na mama yako hakujua chake, wakawa wanazungumza kwa mikono na kucheka. Alipenda kukubeba. Alikushika kama mtu aliyewahi kushika wengine, na sikumuuliza hao wengine wako wapi.

Siku hiyo walikuwa wamekaa uani wanapukuchua maharage, wewe uko kwenye mkeka kati yao. Mimi napiga bawaba. Ukaanza kulia, mama yako akakuinua, akakuimbia wimbo ule.

Spesioza aliacha mkono wake palepale ulipokuwa, na maharage ndani. Alimtazama mama yako usoni, mama yako akamtabasamia akaendelea kuimba. Kisha Spesioza akainuka, akaja hapa kwangu. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa lugha yake, ambayo ni kama yangu.

"Anajua anachoimba?"

Nikasema, "Hajui."

"Na wewe?"

Nikainamia bawaba yangu.

"Wewe unajua," akasema, "na unamwacha amwimbie mtoto."

Aliweka maharage yaliyokuwa mkononi mwake juu ya benchi, akaondoka. Nilichukua mkungu wa ndizi nikamfuata njiani. Hakugeuka. Nikauacha mlangoni kwa katekista nikarudi. Hajaja tena. Baadaye katekista aliniambia amehamishiwa mbali zaidi na mpaka, na sikuthubutu kuuliza ni wapi.

Nimeshasikia mengi mwaka huu, lakini sauti ya mama yule nikiwa nimeshika nyundo bado iko masikioni mwangu. Naona aibu, Adela. Naiandika kwa sababu sijui la kuifanyia.

Niliporudi mama yako alikuwa amesimama mlangoni. "Nimemkosea nini?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Tumbo limemsokota."

Alinitazama. Kabula amechunga ng'ombe tangu utotoni, anajua mnyama anayeumwa na anayejifanya. Alikufunga mgongoni akapita kwenye mibuni mpaka kwa mama yangu, bibi yako wa hapa. Yaliyotokea huko niliambiwa na bibi mwenyewe. Mama yako aliinama akasema, "Shikamoo, mama." Akaitikiwa marahaba. Akaketi, akasema kuna wimbo anataka kujua maana yake, akauimba.

Bibi yako alikuwa na rozari mkononi. Hakumwacha amalize. Akasema, "Rete mtoto," akakutoa mgongoni, akakukumbatia. Kisha, "Hayo nani arikufundisha?"

"Redio ya Pastori."

Kiswahili cha bibi yako ni cha sokoni, maneno machache tu, lakini siku hiyo yalimtosha. Alisema, "Hiyo ni ya kuua watu, mwanangu. Na watoto."

Nilimwona mama yako akirudi, nikajua. Nilitegemea makelele, na ningeyapokea kwa shukrani. Aliingia ndani akaizima redio, akaileta akaiweka hapa kwenye benchi, polepole, kama chombo cha mtu mwingine.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwanzo."

"Kila nilipokuuliza?"

"Kila ulipouliza."

"Nimemwogesha mtoto wangu kwa maneno hayo."

Nikaanza habari ya maziwa, kwamba nilimwogopea asishtuke, kwamba hata mama alinionya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Maziwa yangu ungeniachia mwenyewe." Kisha akasema lile ambalo ndilo linalowapeleka Kaniha. "Mimi hapa ni mgeni, Baba Adela. Lugha ya huku siisikii. Siku watu wakipita wanapiga kelele tukimbie, nitakuuliza wewe wanasema nini. Ukiniambia wanatumiana salamu, nitajuaje? Masikio yangu hapa ni wewe."

Tangu siku hiyo ananipikia, ananitengea maji ya kuoga, na haniulizi kitu chochote. Anawauliza watoto wa jirani. Nikiwa nimekaa naye jikoni, mtu akipita nje anaongea, anatoka kwenda kumuuliza mtoto anayechunga mbuzi, huyo amesema nini. Juma lililopita akaniambia anakwenda kwa mama yake. Nikauliza mpaka lini. Akasema, "Sijui. Nikijua nitakuambia." Akaongeza, "Mimi nitakuambia."

Nimefikiri sana, nikiranda hii milango ya watu. Nilidhani baba ni mtu wa kusimama mlangoni achuje kinachoingia, hiki kipite, hiki kisipite. Na sikumchuja adui hata mmoja. Habari mbaya niliziacha ziingie mpaka kwenye beseni la kukuogeshea, nikamzuia mama yako peke yake asizijue. Labda kuna mambo ya kumficha mtu, sijui, mimi bado ni baba mchanga kama wewe ulivyo mtoto mchanga. Najua tu kwamba nilimwogopea, nikamwacha peke yake ndani ya nyumba yake, na nikauita upendo. Ulikuwa upendo pia. Ndiyo maana sikuushtukia.

Ukija kuishi na mtu, naye anakuuliza unaogopa nini, sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu mimi nilifanya nini, na kwamba jana kutwa nzima nilikuwa namtazama mama yako akikunja nguo zako ndogo nikijaribu kuona kama anaacha hata moja.

Kuna la leo, halafu nakuacha.

Asubuhi nilikwenda senta kuhakikisha nafasi yenu kwenye lori la Biharamulo. Nikamkuta dereva anaangalia ubavu wa gari lake, akanionyesha matundu. Juzi walisimamishwa porini na watu wenye bunduki. Alipokanyaga mafuta wakafyatua. Mama mmoja aliyekaa pembeni amepigwa begani, yuko hospitali, atapona. "Kesho tunakwenda na gari la askari mbele," akasema. "Lakini usije ukasema sikukuambia. Pori ni lile lile."

Kutoka senta mpaka hapa si mbali, na leo nimetumia muda mrefu kufika. Nilikaa njiani kwenye jiwe kama mgonjwa. Nikimwambia, atadhani nimetunga ili asiondoke. Nani angemlaumu? Mtu aliyetunga bei ya kahawa atashindwa kutunga majambazi? Nisipomwambia, atasafiri kwa amani, na huenda wasikutane na kitu. Askari watakuwepo. Watu wanapita kila siku na kufika. Nikajiona tena nimesimama mlangoni, nachuja. Na niseme la kweli kabisa, kipande cha moyo wangu kilifurahia matundu yale. Kilisema, sasa atabaki. Nakichukia kipande hicho, lakini kipo.

Nilimkuta uani anafunga mzigo kwa kamba. Wewe ulikuwa umelala kwenye mkeka. Nikamweleza yote, matundu, mama wa begani, na maneno ya dereva kama alivyoyasema.

Alisimama na kamba mkononi. "Hii ni kweli, au hutaki niende?"

"Vyote viwili," nikasema. "Ni kweli, na sitaki uende. Na naogopa, Kabula. Naogopa mkienda na naogopa mkibaki. Niliogopa tangu siku ya kwanza na sikukuambia."

Alinitazama kwa muda, vile alivyonitazama siku ya tumbo la Spesioza. Sijawahi kungoja neno la mtu namna ile.

"Nimekuamini," akasema.

Akainama akaendelea kufunga mzigo.

Nilidhani akiniamini atabaki. Kumbe hayo ni mambo mawili. Aliivuta kamba ikakaza, akapiga fundo, kisha akaanza kuniuliza, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Matundu yalikuwa upande gani wa gari? Nikamwambia wa kushoto. Wale watu walitokea mbele au pembeni? Pembeni, kwenye majani marefu. Yule mama alikuwa amekaaje? Nikamwambia ninachokijua, na nisichokijua nikasema sikijui. Aliitikia kwa kichwa kila jibu, kama mtu anayepokea vitu na kuviweka mahali pake.

Halafu akaja kwenye mkeka, akakuinua ukiwa bado umelala. Akaichukua kanga aliyokuwa ameitenga ya kukubebea kesho, akaijaribu. Hakukuweka mgongoni. Alikuzungusha mbele, akakufunga kifuani, akaketi juu ya mzigo, mgongo wake ameuelekeza kushoto, upande wa matundu.

"Nitakaa hivi," akasema. "Njia nzima."

Baba yako,
Pastori